Klasi Mama

Gerezani, 9 Januari

Dada,

Kabla hujauliza: nakula, nalala, na kikohozi kimeniacha. Sasa niingie kwenye shida zangu, maana unajua sikuandikii bila shida.

Lile darasa la kompyuta nililokutajia limeanza kweli. Kila Alhamisi anakuja mzee mmoja, mhandisi mstaafu, tunamwita Mwalimu. Kompyuta ni nne, zinazowaka ni mbili, na sisi ni wengi. Mashine unaigusa kidogo, muda uliobaki unaandika programu kwenye karatasi, umeinama kama mtu anayemwandikia mchumba. Maisha yangu yote nimekuwa fundi wa kuchomelea mageti. Sikujua kichwa changu kinaweza kukaa na kitu kisichoshikika kwa mkono. Kumbe kinaweza. Najishangaa.

Mtihani ni mwezi wa sita. Atakayefaulu, jina lake linapelekwa kwenye kamati ya kupunguza vifungo. Nimebakiza miaka miwili na ushei. Yule niliyemsukuma kutoka juu ya jukwaa la ujenzi hatarudi hata nikifaulu mitihani yote ya dunia, hilo nalijua na ninalala nalo. Lakini mama na miguu ile, dada, sidhani kama anaweza kunisubiri sana. Nataka nimkute.

Tatizo ni kitabu. Kuna mtu aliyetangulia kukitumia akasokotea sigara sura nzima ya klasi dhahania. Mwalimu alieleza harakaharaka, umeme ukakatika, muda ukaisha. Nimebaki na maneno mawili, "klasi dhahania" na "methodi dhahania", na sijui yanaliwaje. Wewe ndiyo kazi yako. Nieleze kama unavyomweleza mama.

Na mama mwenyewe anasemaje? Mguu?

Mdogo wako,
Kitinda


21 Januari

Kitinda,

Barua yako nimeisoma kazini nikacheka peke yangu, mpaka bosi akainua macho.

Haya, sogea. Klasi unaijua: ni mchoro. Ulikuwa na mchoro mmoja wa geti, ukachomelea mageti mengi kutoka huo huo. Unajua pia kwamba klasi moja inaweza kurithi nyingine. Inayorithiwa tunaiita klasi mama, inayorithi ni klasi mtoto.

Hapa ofisini tunaandika programu ya kampuni ya kusafirisha mizigo. Mzigo unakwenda kwa lori, kwa pikipiki au kwa boti ya mtoni. Mengi yanafanana: mzigo unapokelewa, unapimwa, unapewa namba. Hayo tumeyaandika mara moja kwenye klasi mama, tunaiita Usafiri, na watoto wote wameyarithi bila jasho. Lakini kufikisha mzigo hakufanani. Lori lina barabara zake, boti ina ratiba yake. Kwa hiyo kwenye klasi mama tumeandika jina tu, fikisha, tukaliwekea alama kwamba ni dhahania. Hiyo ndiyo methodi dhahania: kazi ambayo klasi inapaswa kuifanya, ina jina, haina mwili, yaani maagizo ya namna ya kuifanya. Ni kama mama anasema: kila mtoto wangu lazima ajue kufikisha, namna gani atajua mwenyewe.

Klasi yenye methodi ya hivyo nayo inakuwa dhahania, na huwezi kuunda kitu kutoka kwake moja kwa moja. Nani amewahi kuona "usafiri" mtupu ukipita barabarani? Utaona lori, utaona pikipiki. Na mtoto asipoandika mwili wa fikisha, kompaila inamkataa. Kompaila ni ile programu inayokagua ulichoandika kabla hakijafanya kazi. Haina huruma, haiulizi umelala saa ngapi. Labda mtoto naye ajitangaze kuwa dhahania, na hapo anawatupia mzigo wajukuu.

Jaribu na mageti. Klasi mama iwe Geti, methodi dhahania iwe funga. Niandikie geti la kukunja na geti la kuteleza.

Mama nilimsomea barua yako huku namfunga kidonda. Maneno yake haya hapa, sijapunguza: "Mwambie asijifanye msomi. Kola za mashati yake nimezifua mimi, najua kichwa kilichokuwa juu yake." Akauliza kama jino la nyuma limeng'olewa au bado unatafunia upande mmoja kama mbuzi. Halafu akaagiza nikwambie kwamba binti wa chumba cha mbele ameolewa, na mume ni mfupi. Kwa nini ulitakiwa kulijua hilo, mimi sijui, lakini alisisitiza.

Kidonda hakijafunga. Sukari inapanda na kushuka. Bado anakwenda kufua mashuka ya hospitali, nimemkataza mpaka nimechoka.

Shemeji yako hajambo. Wapwa zako wanakua.

Dada yako


Gerezani, 8 Februari

Dada,

Askari anayekagua barua aliniita. Alikuwa amepiga mstari chini ya "mzigo", "boti" na "klasi mama", akaniuliza ni lugha ya siri ya biashara gani. Nikamweleza klasi dhahania mwanzo hadi mwisho, nimesimama wima, mikono nyuma. Mwishowe akasema, "Basi, basi, nenda." Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa kwanza ni askari, na amefeli.

Mageti nimeandika. Mwalimu aliyachapa kwenye mashine mbele ya darasa. Mara ya kwanza yalikataliwa, nilikuwa nimesahau kuandika funga kwa geti la kuteleza. Mara ya pili yakapita. Nikwambie kitu? Nilifurahi zaidi yalipokataliwa. Humu ndani ukikosea hakuna anayekwambia, unakuja kujua kikishakuumiza.

Sasa nina swali, na Mwalimu amesema ni swali zuri halafu hakulijibu. Mtoto lazima aandike mwili, sawa. Je, akiandika mwili mtupu? Mabano yamefunguka, mabano yamefungwa, ndani hewa. Au akaandika tu "ndiyo, limefungwa", na geti liko wazi?

Mwambie mama jino limeng'olewa na aliyeling'oa alikuwa na mkono kama wake, yaani bila huruma. Na huyo mtu mfupi, mfupi kiasi gani? Nikitoka sitaki sherehe. Nataka kitanda changu kile nyuma ya pazia, na yeye upande wa pili akinigombeza kwa kukoroma.

Kitinda


19 Februari

Kitinda,

Swali lako lina jibu baya. Kompaila inakagua kwamba mwili upo na kwamba unarudisha jibu la aina iliyoagizwa. Kama uliahidi ndiyo au hapana, ikipata "ndiyo" imeridhika, inakupigia saluti. Kama hiyo ndiyo ni ya kweli, haijui na haina njia ya kujua.

Limetutokea. Mwenzetu mmoja alipewa sehemu ya boti. Ratiba za boti zilikuwa bado hazijaletwa, na yeye alitaka programu ipite aende zake nyumbani. Akaandika kwamba fikisha kwa boti irudishe "imefika", siku zote, kwa kila mzigo. Alikusudia kuja kuandika vizuri. Kabla hajarudi akahamishiwa kazi nyingine. Wiki baada ya wiki skrini zetu zikawa zinaonyesha mizigo ya boti imefika, kumbe iko ghalani. Mbegu za watu ziliota ndani ya magunia. Wakulima walikuwa wanapiga simu, na mimi mwenyewe nilimjibu mmoja kwa upole kabisa, "Kwetu inaonyesha imefika, mama." Msimu wa kupanda ukampita.

Kwa hiyo shika hili kwa ajili ya mtihani na kwa ajili ya kazi: kama hujui bado cha kuandika, iandike ipige kelele, itoe kosa, isimame. Usiijaze ili ipite.

Mama amelazwa tangu juzi. Usishtuke, daktari anataka kukisafisha kidonda vizuri. Jambo la kwanza alilofanya ni kukagua shuka la kitanda, akamwita muuguzi, akamwonyesha doa: "Lingekuwa zamu yangu, hili lisingetoka kule nyuma." Wodi nzima inamwogopa. Kuhusu bwana harusi, anasema akisimama na akikaa ni yule yule.

Dada yako


Gerezani, 28 Machi

Dada,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Ya kwanza, ile ya utani mwingine wa jino kwa mama, nilidhani imepotea. Ya pili nikadhani askari ameichoka hesabu yetu akaichoma.

Mama ametoka hospitali? Niambie hilo tu. Mengine yanaweza kusubiri.

Kitinda


14 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Kazi zilizidi, tulikuwa na mradi mpya na mtoto mmoja aliugua mafua. Sasa mambo yametulia.

Uliuliza katika barua yako ya mwezi uliopita kama klasi dhahania inaweza kuwa na methodi zenye mwili. Inaweza. Ndiyo sababu tunaitumia: yale yanayofanana mama anayafanya mwenyewe, yale yanayotofautiana anawaachia watoto. Inaweza hata kuwa na konstrakta, ile methodi inayoandaa kitu kinapoundwa, na watoto wakaiita wanapozaliwa. Isipokuwa yenyewe haiundwi peke yake. Usichanganye hapo kwenye mtihani, wanapenda kutegea hapo.

Mama ametoka hospitali. Anakusalimu sana. Anasema usome kwa bidii.

Dada yako


Gerezani, 2 Mei

Dada,

Nimepumua. Nilikuwa nimeanza kuwaza mambo ya ajabu.

Jaribio la mwezi uliopita nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni mtu aliyekuwa karani wa benki, na ungejua kilichomleta humu ungeelewa kwa nini ni mzuri wa kompyuta. Mwalimu anasema nikienda hivi, nitapita.

Sasa kuna jambo kubwa kuliko mtihani. Afisa ustawi wa gereza ameniita. Kamati haimwachii mtu mapema bila barua ya ndugu atakayempokea, inayosema ataishi wapi na kwa nani. Nikasema bila kufikiri: mama yangu. Akaandika. Anataka barua ya mama mwenyewe, kwa mkono wake. Najua mwandiko wake ni wa kupanda mlima na kushuka, hakuna neno, afisa amesema hata mwandiko wa kuku unakubalika mradi ni wa kweli.

Na umuulize kitu kwa niaba yangu. Aliniambia neno pale mlangoni mwa mahakama, siku ya hukumu, kabla hawajanipandisha kwenye gari. Nataka aniandikie tena. Nalihitaji kwa siku ya kamati.

Kitinda


16 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Hongera kwa jaribio. Sote tumefurahi.

Barua ya mama hii hapa ndani. Mkono unamtetemeka siku hizi kwa hiyo ameniomba nimwandikie, lakini maneno ni yake. Kuhusu lile neno la mahakamani, anasema amesahau alisema nini hasa, siku ile ilikuwa na mambo mengi. Anakusalimu sana na anasema usome kwa bidii.

Dada yako

*

Kwa Afisa Ustawi,

Mimi ni mama mzazi wa mfungwa mhusika. Nathibitisha kwamba endapo ataachiliwa nitampokea nyumbani kwangu na kumpatia malazi. Ni kijana mwema na amejutia kosa lake. Namwombea msamaha kwa unyenyekevu.

Wako mtiifu,
Mama mzazi


Gerezani, 1 Juni

Dada,

Nimetandaza barua zako zote kitandani. Mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza kama nafungua duka.

Mpaka mwezi wa pili, mama yumo ndani yake. Ananitukana, ananiita mbuzi, anagombana na muuguzi, ananipa habari za mume wa mtu. Kuanzia mwezi wa nne anasema jambo moja. Anakusalimu sana, usome kwa bidii. Barua inayofuata, anakusalimu sana, usome kwa bidii. Ni jibu lile lile kila linapoitwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kulitambua jibu la namna hiyo.

Halafu hii barua ya afisa. Kijana mwema! Mama hajawahi kuniita kijana mwema hata siku niliyomletea friji.

Na lile neno la mahakamani. Umesema amesahau. Dada, mama anakumbuka nani alichelewa kwenye ubatizo wa nani kabla hatujazaliwa. Alinishika kidevu pale mlangoni, mkono wake unanuka sabuni ya hospitali, akasema: "Usiangalie chini. Umeua mtoto wa mtu. Yule pale ni mama yake. Mwangalie usoni." Nikamwangalia. Mwanamke anayesema neno lile kwa mwanawe hawezi kulisahau, hata umfanye nini.

Barua ya kwenda kwa afisa sijaipeleka. Iko chini ya godoro.

Mama yuko wapi?

Kitinda


9 Juni

Kitinda,

Mama amefariki. Alifariki tarehe nne Machi, asubuhi, hospitalini.

Kidonda kiliingia mfupani. Wakasema wakate mguu. Alikubali kwa shida, akauliza watautupa wapi. Walimkata, siku mbili hakuamka sawasawa, ya tatu akaenda. Nilikuwa nje kununua maji. Niliporudi walikuwa wameshamfunika.

Kabla hawajamwingiza kwenye upasuaji alinishika mkono akasema, "Nikibaki humo, Kitinda asijue mpaka amalize mtihani. Ulimwona mara ile." Nilimwona. Sote tulikuona, mwaka wa kwanza, mchumba wako alipokuandikia kwamba hatakusubiri, ukaacha kula mpaka wakakutundikia dripu, mfupa na ngozi. Mama alisafiri siku mbili kwenye basi kuja kukulisha kwa kijiko mbele ya askari. Nilimwahidi. Nilidhani ni jambo la kunyamaza tu. Sikujua kwamba kunyamaza hakutoshi, kwamba utakuwa unaniuliza na mimi nitakuwa lazima niandike kitu.

Naomba unisikilize na hili lingine, maana nikiliacha nitakuwa bado nakudanganya. Chumba cha mama hakipo. Mwenye nyumba alikitaka kabla ya mwezi kwisha. Kitanda chako niliwapa watu wa chumba cha nyuma, pazia nimelishona mapazia ya watoto. Nilimuomba shemeji yako akubali uje kwetu. Alisema hapana kabla sijamaliza sentensi. Anasema hawezi kulaza watoto wake nyumba moja na mtu aliyeua. Ulipoagiza barua ya mama, sikuwa na mtu mwingine wa kuandika. Nilisema moyoni, kwanza atoke, huko mbele tutajua.

Fanya mtihani, nakuomba. Ule. Niandikie hata neno moja nijue unakula.

Dada yako


Gerezani, 4 Julai

Dada,

Nakula.

Siku tatu za mwanzo sikula. Mwenzangu wa kitanda cha juu alipoona hivyo hakunibembeleza, alikaa sakafuni na sahani yake mbele yangu, naye hakuigusa. Ni mtu mnene, mwenye njaa ya kudumu. Siku ya tatu nikaona nitamuua huyu naye. Nikashika kijiko.

Mtihani nimefanya. Swali la nne lilikuwa lile lile: eleza tofauti ya klasi dhahania na klasi ya kawaida, andika mfano. Wengine waliandika magari na wanyama kama kwenye kitabu. Mimi niliandika Usafiri, na lori, na boti. Matokeo yametoka juzi, nimepita. Mwalimu alinipa mkono, akaushika muda mrefu kidogo, nadhani kuna mtu aliyemwambia.

Barua ya mama nimeichana. Sitaki kutoka kwa jina lake.

Sikulaumu kwa ile ahadi yake. Yeye ndiye aliyekuagiza na unajua hakuna aliyewahi kumbishia akapona. Nakulaumu kwa jambo moja, kwamba nilimwandikia tena utani wa jino mwezi ambao alikuwa kaburini, na wewe ukausoma, ukakunja, ukaendelea. Nimejaribu kutolaumu na hapo nimeshindwa.

Kamati inakaa mwisho wa mwezi. Afisa anasema dada anakubalika kama mpokeaji. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Usimsemee shemeji, yeye ameshasema. Wewe utanipokea? Likiwa ndiyo, nitasubiri barua. Likiwa hapana, liandike lilivyo. Usinijazie.

Na uniambie mlimzikaje.

Kitinda


15 Julai

Kitinda,

Hapana.

Nimeandika neno hilo nikaondoka mezani, nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa, nikarudi. Bado ni hapana.

Nilizungumza na mume wangu tena. Nikamwambia, basi nitapanga chumba, nitakaa na ndugu yangu mpaka apate kazi. Akasema nikipanga chumba nisirudi, na watoto wanabaki. Hakupiga kelele, alikuwa anavaa viatu aende kazini. Namjua, anayoyasema bila kelele huwa anayafanya. Pengine mwanamke mwingine angeondoka hata hivyo. Nimejiangalia nikaona siyo mimi.

Na hata angekubali, nisingekudanganya kwamba hakuna kingine. Naogopa. Siogopi mikono yako. Naogopa siku utakayokaa kwenye kiti changu, uniangalie, ukumbuke ule utani wa jino.

Barua yenye utani huo nilikuwa nimeikunja na kuificha chooni, nyuma ya ndoo ya sabuni, ili watoto wasiulize kwa nini nalia. Sikukunja nikaendelea. Lakini najua huko ilionekanaje.

Tulimzika siku iliyofuata. Wafuaji wenzake walikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, na sare zao, vidole vimekunjamana kwa maji. Walikuja na shuka jipya. Kabla ya kumvika walilifua kwanza kwa mikono, wakalianika, wakangoja likauke, watu wanasimama tu juani wanasubiri shuka. Mmoja akasema, "Tukimpelekea lenye doa atalirudisha." Watu wakacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ni mzito, mwekundu, ulishika viatu. Yule bwana mfupi alichimba kuliko wote. Kaburi halijajengewa bado. Nimeweka jiwe na nimepanda majani yale yasiyohitaji kumwagiliwa, maana siendi mara nyingi. Jumatatu nilirudi kazini.

Dada yako


Gerezani, 2 Agosti

Dada,

Nimesoma. Asante kwa kuandika neno hilo juu kabisa, nisilitafute.

Kamati ilikaa juzi. Watu wanne nyuma ya meza ndefu, jagi la maji, feni inayolia. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, alikuwa na cheti changu mbele yake. Akasifia. Akauliza nimejifunza nini, nikamweleza kidogo, akanikatiza kama yule askari. Halafu akauliza, "Ukitoka leo, unakwenda wapi?"

Nikasema, "Sijui."

"Hapa pameandikwa mama yako."

"Mama yangu amefariki. Alifariki mwezi wa tatu, mimi nimeambiwa mwezi wa sita."

"Ndugu mwingine?"

"Nina dada. Hawezi."

Mwenyekiti akaandika, akaandika tena. Akasema bila mahali pa kwenda hawana namna, faili litarudishwa mwakani wakati kama huu, na kama kuna mabadiliko nimjulishe afisa ustawi. Nikasema sawa. Nilisimama kuondoka. Yule aliyekaa mwisho kabisa wa meza, mzee mmoja ambaye hakuuliza swali hata moja, akasema, "Pole kwa mama, kijana."

Nilifika mlangoni nikageuka kumwangalia. Askari akanishika kwapani kunitoa. Ndiyo ilikuwa pole ya kwanza niliyopewa na mtu ananiangalia. Hapa tunaishi wengi, wenzangu walijua, lakini humu watu hawapeani pole, wanapeana sigara. Niliilia ile pole usiku kucha, na asubuhi nilikuwa mwepesi kidogo.

Mwalimu ameniomba nimsaidie darasa jipya linaloanza Alhamisi. Nitamsaidia. Mwaka si mwingi kwa mtu aliyezoea miaka. Usimwambie shemeji chochote kwa niaba yangu, kizuri wala kibaya. Wapwa zangu usiwafiche kwamba wana mjomba, ukiweza. Ukishindwa, basi.

Jana nilipolala nikaona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nakuandikia kwa hasira. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita ulikuwa na msiba, na mtu pekee aliyempoteza mtu yule yule ulikuwa unamwandikia kwamba mama ni mzima. Hukuwa na wa kulia naye. Barua zangu zote zilikuwa zinauliza mama, mama, na hakuna hata moja iliyouliza wewe.

Pole sana, dada. Alikuwa mama yako pia.

Kitinda